Maji na hita katika nyumba ya mawe ya kale: jibu kwa msomaji wa Mkomani

Swali: "Assalaamu aleikum, mwalimu. Nimerithi kwa nyanya yangu nyumba ya mawe yenye ghorofa moja, mtaa wa Mkomani hapa Lamu. Ina choo cha kale chenye birika (hodhi la maji) chini na kingine juu yake, kisima kwenye kiwanda (ua wa ndani), na bomba moja la mfereji karibu na mlango. Nataka kupandisha maji juu, nipate bafu mbili nzuri, na maji ya moto kwa ajili ya mama, ambaye magoti humsumbua sana msimu wa kusi. Fundi niliyemwita anataka kuchonga kuta apitishe mabomba ndani, apige plasta ya simiti, aweke tangi la lita 2,000 juu ya dari, na shawa ya umeme katika kila bafu. Je, nimkubalie? Nianzie wapi?"

Wa aleikum salaam, dada yangu. Nalianza lile ulilouliza mwisho, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloamua mengine yote: anza kupanga mahali maji yatakapotokea, kisha ndipo upange yatakapoingilia. Nyumba ya matumbawe, chokaa na boriti hustahimili maji yanayopita na kukauka, lakini maji yanayokaa ukutani au juu ya boriti huila kimya kimya, na siku utakapoona alama chini ya dari huwa kazi ya uharibifu imekwisha kufanyika zamani. Kuhusu mapendekezo ya fundi wako, sikubaliani na hata moja kati ya yale manne. Hilo si kumvunjia heshima, kwani yote manne yanafaa katika nyumba ya matofali na zege ya Mombasa au Malindi mjini, na huenda huko ndiko alikojifunzia kazi. Nyumba yako ni kitu kingine.

Nianze na kuta. Ukuta wa nyumba kama yako huwa na unene wa nusu mita hivi, umejengwa kwa vipande vya matumbawe visivyolingana, vilivyoshikwa na chokaa, na katikati yake mara nyingi pamejazwa changarawe na vifusi vya chokaa. Nguvu yake haimo katika jiwe moja moja, imo katika uzito wote kukaa pamoja. Ukiuchonga mfereji wa kulala, yaani unaokwenda sambamba na sakafu, unaukata ukuta huo kama mkate, na lile tabaka la nje hubaki likining'inia. Mfereji wa kusimama una madhara madogo zaidi, lakini hata huo huishia kuvunja matumbawe mengi kuliko fundi alivyokusudia, kwa kuwa jiwe hilo halikatiki kwa mstari. Huchomoka zima zima.

Hatari kubwa zaidi ni bomba lenyewe likishafukiwa. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa katika nyumba moja ya Langoni ambayo sebule yake ya chini ilikuwa imeanza kutoa harufu ya ukungu. Juu palikuwa na bafu mpya ya vigae, safi ya kupendeza, wala hapakuwa na tone lililoonekana popote. Nilipanda ngazi nikaigusa ncha ya boriti pale inapoingia ukutani, rangi yake nyekundu na nyeusi bado ikiwa nzima kabisa, na kidole changu kikazama ndani kama kinaingia kwenye kahawa iliyosagwa. Boriti tano zilizofuatana zilikuwa hivyo. Tulipobomoa plasta tukakuta kiungo cha bomba kilichokuwa kikitoa jasho tu, tone moja baada ya jingine, pengine kwa miaka miwili, na maji yote yalikuwa yakinywewa na ukuta na kupelekwa kwenye ncha za boriti. Kiungo hicho kingekuwa nje, mwenye nyumba angekiona siku ya kwanza na kukikaza kwa dakika tano.

Kwa hiyo mabomba yako yote yapite nje ya ukuta, mahali yanapoonekana. Najua wengi huona jambo hili ni la aibu katika nyumba nzuri, lakini kuna njia za kulifanya kwa adabu: yapitishwe kwenye kona za bafu na za kiwanda, yafungwe kwa vibanio kila baada ya sentimita 60 hivi, na pale yanapopita mbele ya macho ya wageni yafunikwe na kisanduku cha mbao ambacho mlango wake hufunguka. Usiyapitishe katika chumba cha ndani chenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, hata kama ndiyo njia fupi. Tundu la kupitishia bomba kutoka chumba hadi chumba litobolewe mara moja kwa kila ukuta, liwekewe kipande cha bomba kipana kama koti, ili bomba la maji liweze kuvutwa na kubadilishwa siku za usoni bila kuugusa ukuta tena. Wala boriti isitobolewe kamwe, wala bomba lisipitishwe sambamba na ncha zake.

Plasta ya simiti nayo ni adui wa pili. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na chumvi kutoka hewa ya bahari, na siku zote huutoa unyevu huo nje kupitia chokaa, ambayo ina vinyweleo. Ukiupaka simiti, unaziba njia hiyo. Maji hutafuta njia nyingine juu zaidi, na chumvi iliyokuwa ikitokea usoni hugandia nyuma ya plasta, ikue na kuisukuma hadi ibanduke kwa mapande pamoja na uso wa jiwe. Umeziona nyumba ambazo plasta imepasuka kiasi cha mita moja na nusu kutoka sakafuni huku juu pakiwa salama. Mara nyingi sababu ni hiyo. Pale bomba litakapohitaji kiraka, kiraka kiwe cha chokaa na mchanga uliooshwa kwa maji matamu, na fundi apewe muda wa kungoja tabaka moja likauke kabla ya jingine. Chokaa haipendi haraka. Ndani ya bafu, eneo linalorushiwa maji moja kwa moja linaweza kupigwa niru, yaani plasta laini ya chokaa, na kusuguliwa vizuri kwa jiwe kama walivyofanya wazee, au liwekewe vigae hadi kimo cha mtu upande mmoja tu, na upande wa pili wa ukuta huo uachwe na chokaa ili upate kupumua.

Sasa tuingie kwenye maji yanayotoka, ambako nasisitiza uweke akili na fedha nyingi kuliko popote. Una bahati kubwa ambayo pengine hukuitambua: vyoo vyako viwili vimekaa kimoja juu ya kingine. Waliojenga nyumba hiyo walijua walichokifanya. Bafu mpya zibaki hapo hapo. Usishawishike kuweka bafu ya tatu upande wa mbele kwa ajili ya mandhari, kwani bomba la maji machafu la milimita 110 linahitaji mteremko wa kiasi cha sentimita mbili na nusu kwa kila mita, na likitembea mita nne chini ya sakafu litakuwa limeshuka sentimita kumi, kina ambacho hukipati bila kukata boriti. Vyoo vikiwa vimepangana, bomba moja la kusimama hutosha kwa vyote viwili. Literemke kwenye kona, liendelee kupanda hadi juu ya paa likiwa wazi na kuvalishwa wavu, ili harufu itoke huko na ili maji yanayoshuka yasivute yale yanayokaa kwenye mtego wa choo, ile kona ya bomba inayoshika maji ya kuzuia harufu, na kuuacha mkavu. Mtego wa maji wenye kina cha angalau sentimita tano uwe chini ya kila sinki na kila tundu la sakafu, na bomba hilo la kusimama liwe na kifuniko cha kufungulia pale chini, mahali fundi anapoweza kuingiza waya bila kuvunja kitu.

Shimo la kale ambalo vyoo vyako humwagia liliundwa kwa ajili ya ndoo na kata za maji. Shawa mbili na choo cha kuvuta zitalizidi. Kabla hujanunua hata kiungo kimoja cha bomba, mwite mtu alifungue shimo hilo, apime kina chake, aone kama kuta zake zimesimama na kama maji ya ardhini yanaingia wakati wa bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida. Katika mji wetu ardhi huwa na maji karibu, mashimo ni mengi, na visima viko katikati yake. Kanuni ya kawaida hutaka shimo la choo liwe mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi, umbali ambao Mkomani haupatikani hata ukivuka nyumba mbili. Ndiyo maana maji ya kisima chako usiyanywe wala usiyaoshee mboga, hata yawe meupe namna gani. Nashauri choo kipewe karo la maji taka lenye vyumba viwili lililozibwa vizuri na lenye mlango wa kunyonyea, nayo maji ya kuogea yatengwe yaende kwenye shimo lake lililojazwa mawe, ambamo ardhi huyanywa, mbali na kisima na mbali na misingi kadiri kiwanda kitakavyoruhusu. Kwa kuwa magari hayaingii mitaani, uliza mapema uchafu wa karo utatolewaje na nani. Jibu la swali hilo ndilo litakalokuamulia ukubwa wa karo na mahali pake.

Sakafu ya bafu ya juu ni jambo ambalo sikubali lifanywe kwa mazoea. Chini yake kuna boriti, juu ya boriti kuna vipande vya matumbawe, na juu ya hivyo kuna chokaa nzito. Ni sakafu nzuri lakini maji yakikaa huyanywa. Boriti zikaguliwe moja moja kutoka chini, hasa zile ncha zilizo ukutani, na yoyote inayolia kama kitu kitupu ndani ikigongwa ibadilishwe sasa. Kisha tabaka la juu litolewe kidogo, sakafu mpya ya chokaa ipewe mteremko wa sentimita moja na nusu kwa kila mita kuelekea kwenye tundu, na chini ya vigae au sakafu ya mwisho kuwe na utando wa kuzuia maji unaopanda ukutani sentimita 20 pande zote, mlangoni pia. Usiruhusu sakafu ya zege nene imwagwe juu ya ile ya kale eti kuongeza nguvu. Uzito huo hauongezi chochote ila mzigo.

Na neno mzigo linanileta kwenye tangi. Lita 2,000 za maji ni tani mbili. Ni sawa na watu wazima karibu thelathini wamesimama kifua kwa mgongo kwenye duara ambalo wewe na dada zako mngeweza kulizunguka mkishikana mikono, tena wasishuke usiku wala mchana. Boriti za mkoko hazizidi mita tatu hivi za urefu unaofaa, na ndiyo maana vyumba vya nyumba zetu ni vyembamba. Tayari zimebeba dari la mawe na chokaa. Sitaki kusema dari litaanguka kesho, kwa kuwa boriti nzima ya mkoko ni mti wa ajabu, lakini sijui nyumba yoyote ya kale ambayo ningelala chini ya tangi kama hilo kwa moyo mtulivu.

Lita hizo 2,000 ziwe chini, kwenye kiwanda, juu ya jukwaa dogo lililo mbali na mguu wa ukuta. Juu pakae tangi la lita 300, au 500 kwa wingi, na lisikae juu ya boriti. Likae pale kuta mbili nene zinapokutana, juu ya mihimili inayolala juu ya kuta zenyewe, na pampu ndogo yenye boya la kujizima iwe inalijaza kutoka chini. Kisha ujue kwamba kila mita moja ya kimo hutoa sehemu ya kumi tu ya baa moja ya mgandamizo. Tangi likiwa mita mbili juu ya kichwa cha shawa ya ghorofani, una baa 0.2, maji yatateremka vizuri lakini hayatapiga kwa nguvu, na dawa ya jambo hilo ni mabomba mapana: milimita 32 yanayotoka kwenye tangi, 25 hadi kwenye bafu, na 20 kwenye kipande cha mwisho tu. Fundi akikuambia milimita 20 kuanzia juu hadi chini inatosha kwa kuwa ni rahisi, mwambie hapana. Tangi liwe na bomba la kufurikia linalomwaga mahali utakapoliona, kwani boya likiharibika usiku maji yasijimwage kimya juu ya dari.

Kwa aina ya bomba, chuma cha mabati kisahau kabisa katika hewa na maji yetu ya chumvi. Lile la plastiki linalounganishwa kwa moto, ambalo mafundi hulijua kwa jina la pipiara, linafaa kwa maji baridi na ya moto, mradi fundi awe na mashine yake iliyofika nyuzi 260 na asubiri muda unaotakiwa: sekunde tano kwa bomba la milimita 20, saba kwa la 25, nane kwa la 32. Aliyezidisha huziba njia ya maji kwa plastiki iliyoyeyuka, na aliyepunguza huacha kiungo kitakachovuja mwaka wa pili. Bomba hilo halipendi jua, kwa hiyo sehemu za juu ya paa zifunikwe. Tena hurefuka likipata joto: mita sita zilizopashwa kwa nyuzi 30 hurefuka karibu sentimita tatu, nawe ukilibana pande zote mbili litajipinda kama nyoka, kwa hiyo lipewe kona au tanzi la kujinyooshea.

Kabla sijafika kwenye joto, neno kidogo juu ya maji yenyewe. Nyumba yako ina maji ya aina tatu, nayo hayafai kuchanganywa. Maji ya mfereji, ambayo asili yake ni yale matamu yanayohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela, ni ya jikoni, ya kuogea na ya hita. Maji ya kisima, yenye chumvi, ni ya kuvutia choo na kuoshea sakafu. Yapitishwe katika mabomba yake pekee na yasiunganishwe kamwe na yale ya mfereji, hata kwa koki iliyofungwa, kwani koki ipo siku itaachwa wazi. Maji ya mvua ni zawadi ya masika ambayo wengi wetu tunaiacha imwagike njiani. Paa la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 20 hupokea lita 1,200, na ukitoa zile za mwanzo zinazoosha vumbi na kinyesi cha ndege, bado zinabaki za kutosha kujaza nusu ya tangi lako la chini kwa mvua moja. Birika usilivunje, nakusihi. Likarabatiwe kwa chokaa na libaki likishika maji ya akiba kwa siku ambazo mfereji haufungui, na ukitaka kurudisha visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu kama zamani, jaza maji yaliyokaa siku mbili wazi, kwa kuwa dawa ya klorini huviua.

Haya, maji ya moto. Vitabu vingi vya ukarabati wa nyumba kongwe vimeandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, na humo kurasa nzima huzungumzia kupasha joto vyumba. Sisi hatuna haja hiyo. Kuta zako nene na hewa inayopita kiwandani zimekwisha kupanga hali ya nyumba. Tunachohitaji ni maji ya kuoga ya kumtuliza mtu mzima magoti, kumwogesha mtoto mchanga au mgonjwa, na haja hiyo ni ndogo kuliko wauzaji wanavyotaka uamini. Maji yetu ya bomba huwa na joto la nyuzi 27 hivi, na maji ya kuoga ya starehe ni nyuzi 40. Kumpatia mtu mmoja lita 30 za joto hilo kunahitaji chini ya nusu uniti ya umeme.

Sasa tazama anachopendekeza fundi. Shawa ya umeme ya papo kwa papo huvuta kilowati 5.5, yaani ampea 23 kwa mkupuo, na mbili zikiwashwa pamoja ni ampea 46. Waya za nyumba ya kale, ambazo mara nyingi zimeongezwa kipande kwa kipande, hazikuwekwa kwa mzigo huo. La pili linanitia hofu zaidi: nyingi za shawa hizo zina waya wa joto unaogusana na maji moja kwa moja, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matamu. Zipo za kutumiwa na maji ya chumvi, ambazo waya wake umefunikwa, lakini mara nyingi nakuta imefungwa ile ya kawaida, haina waya wa ardhi, na mwenye nyumba anasema tu kwamba mfereji "unamtekenya" akiushika. Huo mtekenyo ni umeme unaotafuta njia ya kushuka ardhini kupitia mwili wa mtu aliyelowa. Simtakii mama yako hilo. La tatu ni lile la mgandamizo. Baadhi ya shawa za aina hiyo hazijiwashi kwa mgandamizo mdogo kama huo.

Ninachokushauri ni hita ndogo ya kuhifadhia maji, ya lita 30 na nguvu ya kilowati 1.5, ifungwe kwenye ukuta mnene wa bafu ya mama, mahali shawa haifikii. Aina hii huvuta ampea sita na ushei tu. Kuyatoa maji yake kutoka nyuzi 27 hadi 60 huchukua dakika 45 hivi na uniti moja na kitu. Lita hizo 30 za nyuzi 60 zikichanganywa na za baridi zinakupa lita 75 za kuogea, yaani watu wawili wanaoga kwa utulivu. Nasema nyuzi 60 kwa makusudi, kwa kuwa maji ya vuguvugu yanayokaa kwenye tangi kwa siku nyingi huotesha bakteria wanaoshambulia mapafu, na mtu mzima ndiye wa kwanza kudhurika. Lakini nyuzi 60 zikigusa ngozi huunguza kwa sekunde chache, kwa hiyo bomba la kuelekea kwenye shawa ya mama liwekewe koki ya kuchanganya inayojirekebisha yenyewe, ikafungwe kwenye nyuzi 41 na isiguswe tena. Wewe na wageni wa bafu ya pili mtatumia hita hiyo hiyo endapo bafu zimepangana juu na chini, kwani umbali ni mfupi. Hilo nalo ni muhimu: mita kumi za bomba la milimita 25 hushika lita mbili na zaidi za maji yaliyopoa, ambayo kila anayeoga atayamwaga kwanza akingoja ya moto.

Hita iwe na waya wake mwenyewe kutoka kwenye sanduku la umeme, swichi yake nje ya bafu, waya wa ardhi uliopimwa na fundi umeme mwenye leseni, na swichi ya kinga inayojikata umeme ukivuja kiasi cha miliampea 30. Valvu yake ya usalama imwage maji kwenye bomba linaloonekana, kwa kuwa kila hita ikipasha maji lazima iyaache yatanuke. Ndani yake kuna ufito wa magnesi ambao kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tangi. Kwa maji yetu ufunguliwe kila mwaka, na ukikuta umebaki kama utambi, badilisha.

Je, hita ya jua? Naipenda, na kama siku moja utapangisha vyumba itakulipa. Mita mbili za mraba za kioo chake huvuna uniti nne au zaidi kwa siku ya jua zuri, na kwa kuwa jua letu hupita karibu na utosi, mwelekeo hausumbui sana; mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 unatosha. Lakini tangi lake la lita 150 ni kilo 150 nyingine juu, nalo lifuate sharti lile lile la kukaa juu ya kuta. Pia huonekana. Mji wa Kale wa Lamu uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na chochote kinachobadilisha paa au sura ya nyumba katika eneo hilo kinahitaji idhini. Nenda kwenye ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa hapo mjini ukiwa na mchoro wa tangi, mabomba ya nje na karo, kabla fundi hajaanza. Watu wengi huwakwepa wakidhani watazuiwa, lakini humo wamo waliokwisha kuziona nyumba nyingi kama yako kwa ndani, nao hujua mwashi gani bado anaijua chokaa. Fanya hivi: weka hita ya lita 30 sasa, na mabomba mawili yenye vifuniko yapandishwe hadi juu yakingojea, ili hita ya jua ikija mwakani ukuta usiguswe.

Na kwa magoti ya mama, kitu kitakachomfaa sawa na maji ya moto ni kibaraza cha kukalia, cha kimo cha sentimita 45, kando ya birika, pamoja na shawa ya mkono inayoteremka hadi alipokaa. Hakigharimu chochote ila mawe na chokaa.

Kazi ya mabomba na utando ikiisha, kuna majaribio mawili ambayo uyasimamie mwenyewe kabla ya kigae cha kwanza na kabla ya malipo ya mwisho. La kwanza ni la mabomba: kabla ya kufunga hita na koki, yafungwe vifuniko, yajazwe maji na kusukumwa kwa pampu ya mkono hadi baa 10. Sindano itashuka kidogo mwanzoni kwa sababu plastiki hutanuka, basi irudishwe. Baada ya hapo ikae saa mbili bila kusogea. La pili ni la sakafu ya juu, ikiwa na utando wake tu. Tundu lizibwe, bafu ijazwe maji ya kina cha sentimita tano, iachwe usiku kucha hadi saa 24 zitimie. Asubuhi yake panda ngazi ukiwa chini, pitisha kiganja kikavu kwenye kila boriti, ukimalizia na ncha zake pale zinapoingia ukutani. Kiganja kikitoka kikavu kote, waite wapiga vigae. Kikilowa mahali pamoja tu, hata kwa upana wa shilingi, utando ubanduliwe hapo na maji yajazwe upya.